Jambia Hataki Kuua, na Mimi Kazi Inaniponyoka

Ndugu Mhariri wa jarida la katuni,

Salamu zikufikie huko Dar. Mimi ni Bakiri, mtu wa Tanga, mwaka wa tisa sasa niko Johannesburg. Nachinja kuku kwenye bucha moja la Fordsburg. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nasema moja kwa moja: namlalamikia Jambia, shujaa wa katuni yenu.

1. Mliandika wenyewe kwenye jalada kuwa Jambia ni muuaji asiye na huruma. Nikaamini. Lakini tangu toleo la kumi na mbili amemlaza chini Tandu, adui aliyemchomea nyumba, na mpaka toleo la kumi na tisa hajamfanya kitu. Anamuuliza habari za mama yake.

2. Ananoa kisu mbele ya Tandu kurasa nne nzima. Sisi hata kuku hatumfanyii hivyo. Kisu kinanolewa pembeni, mnyama asione. Unamlaza, unataja jina la Mungu, unamaliza. Kama Jambia hajui, aje nimfundishe.

3. Placide, fundi cherehani Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja Joubert Park, ananicheka (yaya kwao ni kaka). "Yaya Bakiri, ule muuaji yako amekuwa padri! Mwezi kesho atamubatiza."

4. Hili ndilo kubwa. Ugonjwa wa Jambia umeniingia. Siku hizi nikimshika kuku namtazama machoni. Juzi nilimuuliza mmoja kama ana watoto. Foleni ya wateja ikafika kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yakapiga honi, na bosi wangu Bwana Mahmoud akatoka. "Eish, Bakiri! Unachinja au unaposa?" Amenihamishia kunyonyoa manyoya. Ijumaa nisiposhika kisu, niende zangu, na Tanga wananitegemea watu saba.

Kwa hiyo naomba Tandu afe kabla ya Ijumaa. Najua jarida ni la mwezi, lakini dharura ni dharura. Ikishindikana, afe mlinzi wake. Ikishindikana kabisa, Jambia aue hata mbu, ila amuue waziwazi, ukurasa mzima, mkono usitetemeke, nami nipate kuiga.

Nisalimie mchoraji, anayepaka rangi, mlinzi wa getini, na wote wanaokula mshahara hapo kwa sababu ya Jambia.

Ni mimi, mwenye manyoya mpaka masikioni,
Bakiri

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Placide ameniletea toleo la ishirini. Jambia amemuua Tandu. Ukurasa mzima, na mkono haukutetemeka. Nimekaa kwenye ngazi za jengo nikalia, mpaka jirani akaniuliza nani amefariki nyumbani. Ndugu Mhariri, kwenye katuni mtu hufufuka. Tafadhali mfufueni. Kuku mimi siwezi kumfufua, ndiyo maana leo nimemwambia Bwana Mahmoud asisubiri Ijumaa, kisu sishiki tena.