Mlimani ya Wapi?

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, Spana, wala sitafuti wa kumsukumizia.

Ilikuwa mwaka ule baada ya Azimio la Arusha. Tumekaa kwenye kahawa ya Mbaruku, mkabala na stesheni ya Korogwe. Akaja Eliasi, tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, gazeti mkononi.

"Sikilizeni! Soila, binti wa Mzee Sironka wa Kwedizinga, kafaulu! Sasa Afrika Mashariki yote yake, achague chuo kikuu anachotaka!"

Sironka mwenyewe alikuwepo, kaegemea fimbo. "Ndilo lililonileta. Barua ya kuchagua chuo imeshafika, jibu liondoke na treni ya leo. Nishaurini."

Masikini, angejua anamwomba nani ushauri!

"Makerere, mzee," Redio akadakia. "Kule anapikiwa, anatandikiwa, halafu anavishwa joho jekundu mpaka kisiginoni!"

Sironka akaitazama rubega yake, shuka nyekundu ya Kimaasai. "Jekundu analo nyumbani."

"Mpeleke Mlimani," akasema Mbaruku, akimimina.

"Mlimani?" nikaruka. "Mzee, usithubutu! Nimelala kule wiki nzima. Baridi ya kung'oa meno! Ukungu, kidole chako mwenyewe hukioni! Na basi linavyopanda zile kona, linakohoa kama mgonjwa!"

Sironka akashtuka. "Kumbe chuo cha Darisalama kina baridi?"

"Darisalama imeingiaje? Si Mlimani huku kwa Washambaa, juu ya Mombo?"

Weee! Mbaruku akajimwagia kahawa kanzuni. Redio akalala chini kabisa, miguu juu. "Spana kampeleka mtoto chuo kikuu Lushoto! Akachukue digrii ya kabichi!"

"Nilikuwa namaanisha..."

"Ulimaanisha viazi!"

Nikajikaza. "Hata hiyo ya Darisalama! Wasomi siku hizi wanashikishwa jembe, wanapigishwa kwata!"

"Bora kwata," Mbaruku akajibu, anajipangusa. "Huko Makerere atarudi naizi, mzungu mweusi, anasema Kiingereza kwa pua, hata baba yake hamwamkii!"

"Kwa pua?" Sironka akasimama. Akagonga fimbo chini. "Basi haendi popote!"

"Shikamooni, wazee."

Tukageuka. Soila, kasimama nyuma ya jiko la mkaa, tangu lini hatujui.

"Marahaba," tukajibu, tunatazama vikombe.

"Jibu nimeshalitia posta juzi, baba. Nakwenda Nairobi."

"Nairobi!" nikadaka. "Binti yangu, kule sasa..."

"Mzee Spana, udaktari wa ng'ombe unafundishwa Nairobi. Mmeshajadili joho, kitanda, baridi mpaka pua yangu. Nani kati yenu kauliza nakwenda kusomea nini?"