Kitalu Kilichohama

Jumamosi, 13 Aprili

Kimefika! Kitalu cha kuhamishika. Mabomba membamba, rafu nne, koti la plastiki lenye zipu mbele. Nimekiunganisha mwenyewe kwa saa tatu. Yamebaki mabomba mawili. Ya akiba, bila shaka.

Kimesimama barazani, kinatazama jua. Theluji uani bado inafika magotini. Ndani nimepanga miche sitini ya nyanya, urefu wa kidole, iliyojaza madirisha yetu tangu Machi. Mke wangu Saimi ameyafuta madirisha, akavuta kiti, akakaa kutazama nje kama mtu aliyetoka kifungoni. Amesema nikishindwa mwaka huu, madirisha ni yake maisha. Nimekubali. Sitashindwa.

Siku ya kugawana miche kijijini ni tarehe nane Juni. Kila mwaka meza ya jirani yetu Helvi huwa tupu kabla ya kahawa ya kwanza. Yangu watu huipita wameinamisha vichwa, kama wanapita msibani. Mwaka jana alichukua mche mmoja mtu mmoja tu, mchungaji. Niliukuta baadaye kwenye pipa nyuma ya kanisa.

Jumapili, 14 Aprili

Jua safi. Nimefunga zipu hadi chini ili joto lisitoroke. Helvi amepita, akauliza kutoka ng'ambo ya uzio kama nimeacha upenyo wa hewa. Upenyo! Anataka miche yangu ipigwe baridi. Nimemshukuru kwa adabu.

Saa saba mchana kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi arobaini na nne. Nje, mbili. Nilijivunia kwa dakika kumi hivi. Kisha nikaona majani. Miche kumi na tisa imelegea kama mboga ya kuchemsha.

Jumatano, 17 Aprili

Jana niliacha zipu wazi, mchana kutwa na usiku kucha. Asubuhi barafu kwenye rafu ya chini. Miche kumi na mmoja imekwenda. Saimi ameuliza kwa nini nisifungue asubuhi na kufunga jioni. Nimemweleza kwamba mkulima lazima awe na msimamo.

Jumamosi, 20 Aprili

Wazo kubwa! Nimepasha moto mawe ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, nikayatia kwenye ndoo, nikaiweka ndani ya kitalu. Joto zuri, la taratibu. Ndoo ikagusa plastiki. Tundu la ukubwa wa sahani. Nimeziba kwa utepe wa gundi.

Saimi ameingia sauna na taulo lake, akakuta jiko halina mawe. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumamosi, 4 Mei

Upepo tangu alfajiri. Saimi alinishauri nikifunge kitalu kwenye nguzo. Nikamwambia hiki ni cha kuhamishika, ndiyo thamani yake. Nikaenda kuchukua gazeti. Niliporudi, baraza tupu.

Kimehama! Kimeshuka ngazi, kimeteleza juu ya theluji iliyoganda, kimevunja uzio na kwenda kujibwaga kwenye banda la kuni la Helvi. Nilitaka kukichukua kimyakimya. Lakini Helvi alikuwa tayari amepiga magoti kwenye theluji, anaokota miche mmoja mmoja na kuitia kwenye paketi tupu za maziwa.

Nikamwambia ile ni yangu.

"Najua ni yako, jirani," akasema. "Yangu haijui kusafiri."

Akahesabu ishirini na miwili. Akaushika mmoja kwa vidole viwili, kama anayepima mapigo ya moyo. "Tauno, hii haijafa. Imeshtuka tu. Niachie."

Nikapiga magoti, nikamshikia paketi.

Jumatatu, 13 Mei

Kila siku naenda kwa Helvi kusimamia. Nakunywa kahawa, nakula mikate ya iliki, nasimamia. Ameyapachika yale mabomba mawili, na kitalu hakiyumbi tena. Ameweka matofali chini. Hufungua zipu asubuhi, hufunga jioni. Miche huitoa nje kwa saa moja, kesho yake kwa mbili, ili izoee baridi. Namwacha afanye.

Leo nimemuuliza anapata nini. Akasema majira yale marehemu mumewe alipougua, nilimsafishia njia ya theluji hadi barabarani, na hajasahau.

Nakumbuka. Nilikuwa natafuta glavu yangu iliyofukiwa na theluji.

Sikumwambia. Nimenyoosha uzio wake wote, na nimepasua kuni za wiki nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Imekwisha! Yote ishirini na miwili, shina nene kama penseli, kabla ya kahawa ya pili. Mchungaji amechukua miwili. Nimemfuata hadi kwenye gari kuhakikisha. Ameifunga mkanda wa kiti.

Saimi alinishika mkono mbele za watu.

Mkulima mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa ameniuliza siri yangu. Nimefikiri kwa makini, maana alikuwa ameshatoa kalamu. Nikamwambia ni upepo. Mche ukiwa mchanga, lazima ubingirishwe mara moja, kwa nguvu, kwenye mteremko. Akaandika. Helvi alikohoa hadi akakaa chini.

Mwakani naanza Februari. Vitalu viwili, juu ya paa, ambako upepo unatosha. Nimeshaegemeza ngazi. Saimi ametoka kutazama, akauliza paa letu limeinamia upande gani.

Nikamwambia upande wa Helvi.

Akasema basi sawa.