Mke Arudi au Asirudi

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mchezo wangu umeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Dhuluma tupu!

Utaratibu wa ukumbi wetu ni huu. Kila jioni, michezo mifupi mitatu ya ndoa zenye matatizo. Ugomvi ukifika juu, mkurugenzi anawasha taa na kuwauliza watazamaji: mke arudi au asirudi? Wananyoosha mikono. Waigizaji wanamalizia kwa mwisho uliochaguliwa.

Mchezo wangu ni kisa changu mwenyewe. Mume (naigiza mimi) anachukua cherehani ya mkewe na kuupa ukumbi wa maigizo, iwe pambo la jukwaa. Kwa ajili ya sanaa! Mke, fundi nguo, anafunga virago na kuhamia kwa kaka yake, eti ana magauni ya harusi ya watu. Hata cherehani ni ile ile ya mke wangu, ipo pale jukwaani. Nilikusudia umma uamue kwamba haki iko kwangu, habari zimfikie huko kwa shemeji, arudi mwenyewe kwa aibu.

Ukumbi mzima: asirudi. Wengine walinyoosha mikono miwili.

Alhamisi, tarehe 6

Nimerekebisha. Sasa mume anaomba ruhusa kabla ya kuchukua cherehani. (Mimi sikuomba, lakini ningeomba kama angekuwepo nyumbani.) Mke nimemwongezea gubu. Mwigizaji wa mke, ambaye mchana anasuka nywele saluni, amegoma kuyasema maneno hayo. Hakuna mwanamke anayesema hivyo, anadai. Nikamwambia yupo, nimemwoa. Akasema ndiyo maana kahama.

Asirudi, tena kwa vigelegele.

Mchezo wa mwenzangu Fundi Saa, ambamo mume anauza kitanda cha ndoa, umepata arudi. Kitanda! Kisa na maana, mume wake analia.

Ijumaa, tarehe 7

Nimelia. Kitunguu nilikificha kwenye leso. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaniambia nipanguse pua, nirudishe cherehani ya watu.

Asirudi.

Kinachoniuma ni hotuba. Kwenye ule mwisho mwingine, mke akirudi, mume anatoa hotuba ya msamaha. Yeye ndiye anayesamehe. Nimeikariri yote, na hakuna aliyewahi kuisikia.

Shemeji kapiga simu: dada yake atakuja kesho kutazama. Vizuri sana. Nimealika ukoo mzima: Mama, baba mdogo, binamu zangu. Nimewafanyisha mazoezi ya kunyoosha mkono.

Jumamosi, tarehe 8

Usaliti!

Mkurugenzi aliuliza nani anasema asirudi. Mama akanyoosha mkono. Mama yangu mzazi! Baba mdogo akamfuata. Binamu wakamtazama Mama, nao wakanyoosha. Nilisahau kama niko jukwaani, nikamuuliza anafanya nini. Akajibu bila haraka, ukumbi wote ukisikia:

"Mwanangu, mimi nilikuzaa tu, sikuolewa na wewe. Mwache mwenzio apumue."

Wakacheka mpaka viti vikalia.

Mkurugenzi akauliza nani anasema arudi. Mkono mmoja, mstari wa nyuma kabisa. Mke wangu.

Mkono mmoja! Ukumbi mzima ule, mkono mmoja! Nikadai kura zirudiwe. Wakati nabishana na mkurugenzi, mke wangu akapanda jukwaani. Akaifunika cherehani mfuniko wake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shika upande huo, mume wangu, twende nyumbani."

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba haiwezekani. Kesho ni onyesho la mwisho, na nimebakiza nafasi moja tu ya kushinda. Cherehani haitoki.

Kisha akamwita yule msusi, wakaibeba wao wawili. Watu wakawapisha na kuwapigia makofi hadi mlangoni. Mchezo wangu haujawahi kupigiwa makofi kama yale.

Jumapili, tarehe 9

Mkurugenzi kaufuta mchezo wangu. Hakuna cherehani, anasema, wala hakuna mke: msusi yuko kwa shemeji, anamsaidia mke wangu kushona vifungo. Nikipiga simu huko hawapokei. Mara moja ilipokelewa, nikasikia cherehani inakwenda mbio, simu ikakatwa.

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Cherehani ni kitu kidogo mno. Watu wa nyuma hata hawakuiona vizuri, wangejuaje nilivyojitolea? Jukwaa linataka kitu chenye uzito.

Nimeanza kuandika sehemu ya pili. Mume ni yule yule, mwenye haki, safari hii na mama asiyeelewa sanaa. Mama ana kabati kubwa la vyombo, lenye milango ya kioo. Kesho asubuhi anakwenda kwa dada yangu. Ufunguo ninao.