Yahusu: Begi Moja, Ndoo Moja na Binti Yangu

Kwa Matroni,
Bweni la Wasichana, ghorofa zote.

Mama Matroni mheshimiwa,

Shikamoo. Sijui umri wako, kwa hiyo nimeitanguliza kwa usalama. Ukiona wewe ni mdogo kwangu, nirudishie, nami nitaipokea bila kinyongo. Mimi ni mzazi wa binti anayetarajiwa kuingia bwenini kwako Jumatatu ya wiki ijayo, mwaka wa kwanza. Hapa nyumbani tunamwita Kishindo, kwa jinsi anavyofunga milango. Kazi yangu ni kufunga mizigo kwenye ghala la vioo. Kioo nilichokifunga mimi kinafika kizima, hata gari lipite kwenye mashimo ya namna gani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba unajibizana na mtu anayejua maana ya kusafirisha kitu.

Tumepokea karatasi yenu ya maelekezo. Nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama, na mara zote mbili haikunipendeza. Niruhusu nitoe ya moyoni kwa mpangilio.

1. Karatasi inasema kila mwanafunzi aje na begi moja na ndoo moja. Begi moja la nini, Mama Matroni? Nilianza kufunga mizigo ya huyu mtoto siku matokeo yalipotoka, na hadi sasa nina masanduku manne ya mbao, nimeyajaza maranda pembeni ili vitu visigongane njiani. Ndani kuna pasi, pasi ya akiba, taa ya mezani, kiti chake cha kusomea, dawa ya kikohozi, dawa ya tumbo, dawa ya kutuliza dawa ya tumbo, na mapazia ya vipimo vitatu kwa kuwa hamkutuambia upana wa dirisha. Sijaona cha kupunguza. Mama yake alijaribu. Aliitoa pasi ya akiba, akaenda kuanua nguo, na aliporudi akaikuta imerudi sandukuni, haijulikani kwa njia gani. Na hiyo ndoo moja, ya kuogea ndiyo hiyo hiyo ya kufulia? Siku maji yakikatika ataweka wapi yale ambayo hayapo?

2. Vitanda. Nilipomsindikiza kuleta fomu zake niliviona vitanda vyenu vya ghorofa, kimoja juu ya kingine. Nilipanda cha juu. Mlinzi aliniomba nishuke, kwa heshima kabisa, nami nikashuka nilipomaliza. Nilichogundua ni hiki: anayelala juu anaweza kuanguka, na anayelala chini anaweza kuangukiwa. Kwa hiyo sehemu pekee iliyo salama ni pale katikati, ambapo hamjaweka kitanda. Naomba suala hili lifikishwe kwa wakubwa wa chuo.

3. Mwenzake wa chumbani. Mmeandika kwamba atapangiwa mwenzake "siku ya kuwasili." Yaani mtu alale chumba kimoja na mwanangu, mimi sijui kama anakoroma, kama anasema uongo, wala kama anarudisha vitu anavyoazima? Ghalani kwetu hatuegemezi kioo kwenye kitu tusichokijua. Naomba huyo mwenzake aletwe kwetu kwanza, akae wiki moja, ale, alale, tumwone. Mama yake Kishindo atamdadisi kwa upole huku wakiosha vyombo. Mimi nitakuwa na maswali machache tu. Nimeyaandika, na hayajajaza daftari.

4. Maelekezo ya utunzaji. Kila sanduku linalotoka mikononi mwangu huwa nalibandika maandishi mekundu: upande huu juu, usirushe, weka mbali na maji. Binti naye anakuja na yake, mtayakuta kwenye begi, lile moja mliloturuhusu. Asiamshwe kwa kelele, avutwe kidole gumba cha mguu. Akinyamaza sana, amekasirika. Akiimba, kuna kitu amevunja. Akisema hana njaa, apewe chakula. Akisema hajambo kwa sauti ndogo, hilo si jibu, aulizwe tena. Naomba watu wote watakaohusika naye, kuanzia mpishi mpaka mkuu wa chuo, wasome na kutia sahihi. Mama yake amepitia kifungu hiki akasema mtoto si dirisha. Nimemsikia, lakini maelekezo yanabaki palepale.

5. Kwa sababu nilizozitaja, naona njia iliyo rahisi kwa pande zote ni kwamba badala ya mtoto kuhamia bwenini, bweni lihamie kwa mtoto. Napendekeza chumba chake cha hapa nyumbani kitambuliwe rasmi kuwa tawi lenu. Namba nimeshaipaka mlangoni. Taa zitazimwa saa nne, kama sheria zenu zinavyotaka. Wageni wa kiume hawataruhusiwa, na kipengele hiki nitakisimamia kwa moyo wangu wote. Foleni ya bafuni ipo, kwa kuwa mama yake akiingia huko hatoki. Zamu ya kupika ikiwa yangu chakula kitakuwa kibaya, ili binti asikose uzoefu wa mwanafunzi. Shida iliyobaki ni masomo yenyewe. Chuo kiko mbali, basi linaondoka alfajiri na kufika jua linazama, kwa hiyo atakuwa anafika wakati wenzake wanatoka darasani. Naamini chuo chenye wasomi wengi hivyo hakitashindwa kupata ufumbuzi, kwa mfano kuyasogeza madarasa kidogo upande wetu.

Mama Matroni, nisikufiche. Huyu ndiye mtoto tuliyenaye, hakuna mwingine chumba cha pili. Akiondoka, nyumba hii itabaki na watu wawili wanaosikilizana wakitafuna. Naiogopa jioni ya hiyo Jumatatu, nakwambia kweli, na kila nikifunga sanduku najikuta nalifungua tena nione kama sijasahau kitu.

Nawasalimu wote walio chini yako: wafagiaji, mpishi, msajili, na yule mlinzi, umwambie tumeshasahau. Namsalimu pia mwenzake wa chumbani popote alipo, ajiandae kwa safari ya kuja kwetu. Mama yake Kishindo anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimemwandika kwenye salamu.

Ni mimi, nikisubiri utekelezaji,
Baba yake Kishindo, mfungaji mizigo.

Nyongeza: Mama Matroni, yametokea. Barua hii niliiacha mezani nikaenda kununua bahasha, na Kishindo ameisoma. Nilidhani atacheka. Ameisoma hadi mwisho, akaingia chumbani, akaanza kutoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kabatini, moja moja, kwa utulivu ambao sijapata kuuona kwake. Anasema baba ana hoja. Anasema bweni kweli si mahali pa mtu, na kama nitabaki na majonzi kiasi hiki, basi chuo kisubiri, yeye atakuja kunisaidia ghalani. Nimemwambia kitanda cha juu hakina neno, akanijibu nisome namba mbili. Nimemwambia mwenzake wa chumbani anaweza kuwa rafiki wa maisha, akaniuliza kama anakoroma. Mama yake amesema moto huu nimeuwasha mwenyewe na nitauzima mwenyewe, kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo huwa halifanyi.

Kwa hiyo naifuta barua yote, kuanzia namba moja. Huyu mtoto tangu ajue kusoma hajawahi kutaka kitu kama anavyokitaka hicho chuo chenu, na mimi nimekiweka hatarini kwa kalamu yangu mwenyewe. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la kesho, mkononi, na majibu umpe yeye yeye. Niandikie kwa ukali na mhuri juu. Sema baba yake ni mtu wa kukuza mambo, asisikilizwe, na binti asipofika Jumatatu nafasi yake atapewa mwingine. Mimi ndiye nitakayemsomea, na nitajikaza.

Akishafika, akikuomba ruhusa ya kuja kunitazama kabla ya likizo, mnyime. Nami nikija huko kumtaka, ninyime mimi pia.