Clemensi Analala Bulgaria, Anakaa Hapa

Clemensi amefaulu! Mwanangu ni daktari wa mifugo, daktari kamili, na cheti chake kina muhuri mkubwa kuliko wako!

Haya, sasa nakusalimu, Ndugu Mwenyekiti Wilibrodi. Hujambo, na mama watoto hajambo? Mimi ni mzima, ila naandika kwa haraka ya furaha, uniwie radhi kwa mwandiko.

Nalalamika. Shemeji yangu Inosenti, mdogo wa marehemu mume wangu, amesimama mbele ya halmashauri ya kijiji akasema Clemensi si mkazi tena kwa kuwa yuko Bulgaria mwaka wa sita, kwa hiyo shamba la marehemu pale korongoni apewe yeye. Nasikia mlitikisa vichwa kumkubalia. Naomba mvitulize, msome sababu zangu.

1. Kila jioni nampakulia Clemensi makande kwenye sahani yake ya bluu. Ni kweli mbwa ndiye anayemaliza, lakini kupakuliwa anapakuliwa. Nani humpakulia mtu aliyehama?

2. Kitanda chake kipo. Mtetea anaatamia hapo, ila nilimwandikia Clemensi kumwomba ruhusa, na akakubali. Asiye mkazi angetoa ruhusa ya kitanda?

3. Sukari. Kila mgao ukifika duka la kijiji nachukua kilo yangu na kilo ya Clemensi, na wewe mwenyewe unaweka tiki kwenye jina lake. Kijiji kinampa sukari mtu wa Bulgaria? Huko nasikia sukari wanayo.

4. Wewe na mimi tuna ng'ombe kwa Olais kule Kakesio. Anawachunga, maziwa anakunywa na wanawe, ndama ni wetu. Hakuna aliyewahi kusema ng'ombe wako ni wa Olais kwa sababu wanalala kwake. Basi na mimi nimemweka Clemensi kwa Wabulgaria vivyo hivyo. Wamemlisha, wamemfundisha, maziwa wamekunywa. Udaktari ndio ndama, na ndama anarudi kwetu.

5. Inosenti mwenyewe yuko kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, tunamwona Krismasi na kwenye misiba yenye nyama. Simsemi vibaya, ni shemeji yangu nampenda, na anacheza ngoma vizuri.

6. Hili sikutaka kuliandika. Siku ya kukuchagua wewe nilinyoosha mikono miwili, wa kulia wangu, wa kushoto wa Clemensi. Ulishinda kwa kura moja. Kama Clemensi si mkazi, ndugu yangu, basi sijui tuna mwenyekiti gani. Sikutishi. Nakukumbusha tu.

Kwa hiyo naomba uandike, kwa muhuri, kwamba Clemensi ni mkazi na shamba la baba yake ni lake. Nasema kwa utani lakini usiku silali. Mtoto aliyefika mbali namna ile anahitaji mahali pa kurudia. Shamba likiondoka atabaki na mimi tu, na mimi magoti yameanza kulalamika kuliko barua hii.

Msalimie mama watoto, wajumbe wote hata waliotikisa vichwa, na mwenye duka.

Mimi katika kulijenga taifa,
Cresensia, Mama Daktari

N.B. Nilitaka kusahau. Karani wa kodi ya maendeleo alipita Jumanne akadai Clemensi hajalipa tangu kodi ianze. Nikashangaa sana. Nikamweleza kwa upole kwamba Clemensi hakai hapa, yuko Ulaya miaka sita, hata mbwa wangu hamjui. Anataka barua yako kuthibitisha kwamba si mkazi. Ukimaliza kuandika ile ya shamba, niandikie na hii, ila kwa karatasi nyingine, na tafadhali usimpe mtoto mmoja azilete zote mbili.

Mgeni wetu anafika kwa likizo ya wiki mbili. Mtetea nimemhamishia jikoni, pombe ya mtama imeanza kuchemka, na Inosenti ameahidi kucheza. Karani naye aje, nyama itamtosha, mradi asimwulize mwanangu anakaa wapi. Tunawangoja wote Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985.