Lenzi Nisizozivaa

Jumatatu, 3 Juni

Leo Bosi katangaza. Duka letu la miwani linatafuta mshauri wa wavaaji wa lenzi, zile zinazokaa ndani ya jicho. Chumba chake mwenyewe! Koti jeupe! Kiti cha kuzunguka! Nilikijaribu Bosi alipokwenda msalani. Kinazunguka vizuri mno.

Sharti ni moja: mshauri mwenyewe awe anavaa lenzi, ili wateja wamwamini. Mimi navaa miwani minene kama tako la chupa. Mwenzangu wa kaunta anavaa lenzi kila siku. Nimembandika jina la Mama Nawa, maana kila mteja anamwambia anawe mikono, aikaushe, ndipo aguse jicho. Juzi mtu kaingia kuuliza njia tu, akajikuta ananawa.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba kazi nimeshapewa. Kiherehere tu! Sijavua hata viatu, keshampigia simu baba yake. Baba mkwe, ambaye tangu harusi ananiita yule muuza fremu. Jumamosi anakuja dukani kuniona ndani ya koti. Basi lazima niipate.

Jumanne, 4 Juni

Bosi kanipa lenzi za kujaribia. Nikajifungia chooni mbele ya kioo. Kidole kikasogea, jicho likafumba. La pili nalo likafumba, wala hakuna aliyelichokoza. Nikajikaza kisabuni, nikavuta kope, nikasogeza tena kidole. Nikapiga ukelele. Watu wa duka la jirani wakagonga ukuta kuuliza kama kuna aliyefariki.

Ndipo likanijia. Lenzi ikishaingia haionekani! Aliyevaa na asiyevaa, nani atawatofautisha? Nikarudisha lenzi kwenye kikasha chake, nikatia miwani mfukoni, nikatoka nikitabasamu. Nikamwambia Bosi kwamba zimenikaa vizuri sana, kana kwamba sijavaa kitu. Hapo sikusema uongo hata kidogo.

Mchana nikamkaribisha mteja mmoja mrefu aliyesimama kimya karibu na mlango. Nikamsifu kimo chake. Mama Nawa akaniambia ile ni stendi ya miwani ya jua.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Mama Nawa katoka kwenda kula, na hapo hapo akaingia mwalimu wa kuogelea kuchukua lenzi zake za kwanza. Mama mmoja mchangamfu, sauti yake kama filimbi. Mama Nawa angemkalisha mpaka jua lizame. Mimi nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Vaa asubuhi, vua jioni, kwaheri.

Akauliza kama anaweza kuingia nazo bwawani. Nikamuuliza, lenzi yenyewe inaishi ndani ya maji, itaogopa maji? Akacheka. Akauliza dawa ya kuzisafishia ikimwishia je. Nikamuuliza kama kwake hakuna bomba. Akacheka tena. Bosi akapita, akasikia kicheko, akanipiga begani. Koti nililiona linakuja lenyewe.

Mama Nawa aliporudi akataka kujua kama nilimweleza habari za maji. Nikamhakikishia kwamba tulizungumza habari za maji.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegonga mlango wa kioo. Nimemvisha mteja fremu juu chini, nikamwambia imempendeza. Nimekunywa chai ya Bosi. Nyumbani nimemkonyeza mke wangu akiwa amesimama jikoni, kumbe ni mama wa jirani kaja kuomba kiberiti! Mke wangu kauliza nina nini siku hizi. Nikasema lenzi zinataka mazoezi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nimejiwekea kanuni ya kuandika.

Mwalimu wa kuogelea karudi. Akasema jicho linamwasha na mwanga unamkera, sijui ni kawaida? Nikamsogelea kama mtaalamu. Nikaona duara, na juu ya duara nywele. Nikamwambia macho yake yanang'aa kama ya mtoto mchanga, aendelee kuvaa, atazoea.

Mama Nawa akadondosha boksi zima. Akapaza sauti kutoka mwisho wa kaunta kwamba jicho la kushoto ni jekundu kama pilipili, analiona kutoka pale, mimi niliyelisogelea nimeona nini? Akanawa mikono, akaikausha, akamvua lenzi zote mbili, akazitia kwenye kikasha chake aende nazo kwa daktari. Akasema jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, lenzi hutoka kwanza, maswali baadaye, na daktari ni siku hiyo hiyo. Kisha akauliza. Aliogelea nazo? Ndiyo. Alizisuuza kwa maji ya bomba? Ndiyo. Nani alimruhusu?

Nikajifanya napanga fremu. Kwa mara ya kwanza nikashukuru kutoona nyuso za watu.

Mama Nawa akaeleza taratibu kwamba maji, hata yale yanayoonekana safi, yana vidudu, na lenzi huvishika na kuvibana juu ya jicho. Mwalimu akauliza kama atapofuka. Wale watoto wa bwawani, akasema, wakizama nani atawaona? Ile sauti ya filimbi haikuwepo tena.  Bosi akamchukua kwa gari lake mpaka hospitali. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi simu ikaja. Daktari kasema wamewahi. Atatiwa dawa ya matone, atakaa bila lenzi mpaka aruhusiwe, jicho litapona. Nusura nicheze! Nikaazimia kwenda kwa Bosi nikiri yote. Nilikuwa njiani kabisa. Mlango ukafunguka, akaingia baba mkwe na suti, mke wangu nyuma yake.

Bosi, naye bila kujua nilichotaka kukiri, akaona heri mashahidi wapo. Akasema kila mmoja wetu amwonyeshe jinsi ya kuvua lenzi. Mama Nawa akanawa, akakausha, akavua, akaisugua kwa dawa mpya, akaiweka. Zamu yangu. Nikanawa. Nikakausha. Nikanawa tena. Hatimaye nikabana kope, nikapapasa, nikalia kwamba imedondoka!

Wote wakaenda chini. Bosi kwa magoti. Baba mkwe na kiuno chake kibovu, kichwa chini ya kabati. Mimi nikatafuta kwa bidii kuliko wote kitu ambacho hakikuwepo.

Baba mkwe akakipata!

Lenzi kavu, ya mteja gani sijui, imejikunja kama ganda la kitunguu. Akaipangusa kwenye suti, akaitemea mate ilainike, akaniletea kwenye ncha ya kidole. Akaniambia nivae, mwanangu. Mwanangu! Hajapata kuniita hivyo. Machozi yakanilenga, nikafumbua jicho, nilikuwa tayari kwa lolote. Mama Nawa akamdaka mkono. Akasema lenzi iliyokauka haivaliwi, na mate yana vidudu kama maji, hiyo ni ya kutupwa. Baba mkwe akanuna. Mimi ningeweza kumkumbatia yule mwanamke.

Bosi akasema hakuna neno, nivue ya jicho la pili. Nikasema imekwenda nyuma ya jicho, naisikia kwenye ubongo. Mama Nawa akasema nyuma ya jicho hakuna njia, mwisho wa lenzi ni kujificha chini ya kope. Akachukua tochi. Akamulika kulia, akamulika kushoto. Akaizima tochi.

Mke wangu ndiye aliyeokota miwani yangu sakafuni. Ilichomoka mfukoni nilipopiga magoti. Akanivisha mwenyewe, polepole, mbele ya watu wote. Ndipo nikaona nyuso. Wa baba mkwe niliuona vizuri zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi kapewa Mama Nawa, na ni haki yake. Mimi nimemwomba radhi mwalimu wa kuogelea hadi akanionea huruma. Wekundu wa jicho lake umeanza kuisha. Bosi hakunifukuza. Kaniamuru nisimame kando ya Mama Nawa kila anapomfunza mteja, nimsikilize neno kwa neno, mpaka niweze kulala nikiyasema. Nimekubali kwa moyo mweupe. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitajifanya tena navaa lenzi. Nami ni mtu wa neno langu.

Wakati wa kufunga duka Bosi katangaza jambo jipya. Mwezi ujao tutaanza kuuza vifaa vya masikioni, vya wasiosikia vizuri. Anatafuta mshauri. Angependa awe mtu anayevitumia mwenyewe.

Mama Nawa aliponiaga nikamwomba arudie, kwa sauti kubwa kidogo.

Sasa niko nyumbani. Mke wangu ananiita mezani. Namsikia vizuri kabisa. Siitiki.