Sentimita za Kukulia

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo ndiyo kwanza imeanza. Sindano, binti yangu wa miaka saba, ameuliza habari za Nyoka wa Chuma mara tatu kabla ya chai. Nyoka huyo ni kigari cha relini kule bustani ya michezo. Kinapanda polepole, kinashuka kama kimekatika, na watu wanalipa ili wapige mayowe. Mtoto wa shemeji yangu amekipanda mara mbili. Tangu hapo hatulali vizuri.

Shemeji mwenyewe, mdogo wake mke wangu, mtu wa ofisi, kanitembelea kwenye chumba changu cha kushonea. Mimi humwita Mheshimiwa, kimoyomoyo. Kaleta suruali iongezwe kiuno, huku akinieleza jinsi alivyopungua. Kisha akasema wafanyakazi wa ofisi yao wanauziwa kadi za msimu za bustani kwa nusu bei, na anaweza kutuchukulia. Alisema hivyo akiangalia viatu vyangu. Nikamshukuru, nikamwambia mambo yetu yako tayari.

Hayako tayari hata kidogo. Lakini nibebwe na mtu ambaye kiuno chake nakijua kuliko yeye? Sahau!

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga kazi saa moja kabla ya wakati nikaenda kusoma tangazo la getini. Nimelisoma mara mbili, kama mkataba. Kadi ya msimu ya watu wawili ina punguzo hadi Jumapili. Wazee wa miaka sitini na zaidi, bure. Watoto wasiofika sentimita mia na ishirini, bure.

Akili ni mali! Sisi tuko wanne: mimi, mke wangu, Sindano, na mama mkwe anayekaa nasi. Nikinunua kadi ya wawili, hao wengine wawili wanaingia kwa neema ya tangazo.

Nimerudi nikamsimamisha Sindano kwenye mwimo wa mlango, nikamvutia tepu, nikachora mstari. Mia na ishirini na mbili. Mikono hii imepima watoto miaka kumi na tisa, na kila mzazi hapa mtaani anaisifu: mimi simpimi mtoto alivyo, nampima atakavyokuwa. Sare yangu inafika mwaka wa pili bila kuona kifundo cha mguu.

Kwa hiyo amezidi sentimita mbili. Balaa. Yeye akaruka hadi taulo likaanguka kwenye kamba, maana Nyoka wa Chuma hapandwi na aliye chini ya mia na ishirini. Amekimbia kumwambia bibi yake kwamba sasa ni mkubwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa ukubwa huo umekuja wiki mbaya.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa. Gauni refu, pana, la kufika chini. Ndani ya gauni magoti yanapinda kidogo, na nje hakuna anayejua kitu. Nimelishona asubuhi nzima, nikaacha harusi ya watu inasubiri. Pindo limelala vizuri mno.

Mke wangu hajui. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na ana tabia ya kuuliza maswali.

Mazoezi yalifanyika wakati yuko zamu. Nikamwambia Sindano, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama. Akatembea chumbani kama bata aliyepoteza kitu. Kisha akasimama akafikiri. Mtoto huyu anafikiri sana, sijui kamfuata nani.

Akaniuliza, “Baba, nikiwa mfupi getini, ndani nitakuwa mrefu?”

Nikamwambia ndani atakunjuka. Akalitazama pindo la gauni. Mtazamo ule sikuupenda.

Ijumaa, 8 Agosti

Zamu ya mama mkwe. Hili linataka adabu. Nimemwamkia, nikamsogezea kiti, nikamuuliza kwa upole kama anakumbuka mwaka aliozaliwa. Akasema anaukumbuka vizuri, na kwamba ana miaka hamsini na saba. Nikasema alikuwa na hamsini na saba siku ya harusi yangu. Akasema basi ameshika msimamo.

Nikamtolea mkongojo niliouazima kwa fundi viatu wa jirani. Akautazama, akanitazama mimi. Ameusimamisha nyuma ya mlango wa jikoni. Nachukulia amekubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Kadi imenunuliwa! Ya watu wawili. Mheshimiwa kapita kuchukua suruali, akauliza tena kama tunahitaji msaada, maana ofisini orodha inafungwa Jumatano. Nikamwonyesha kadi kwa mbali. Kaondoka. Suruali inambana bado.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike yote, hata yanayoniuma.

Getini kuna mama mmoja mwenye ubao wa kupimia. Mpole, lakini macho yake ni ya mtu aliyeona magauni marefu mengi. Akamwita Sindano. Nikakohoa, ndiyo ishara tuliyokubaliana. Sindano alinitazama. Kisha akasimama wima. Kidevu juu, mabega nyuma, magoti yamenyooka kama rula! Nikakohoa tena. Nikakohoa hadi mke wangu akanipiga mgongoni.

Yule mama akasoma ubao, akasema, “Mia na kumi na tisa. Bure, apite.”

Nilifurahi hatua nane hivi. Ya tisa nikamwona Sindano. Alikuwa bado amesimama kwenye ubao. Akaomba apimwe tena. Akapimwa. Mia na kumi na tisa.

Akasema, “Lakini baba alinipima.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Sentimita tatu za kukulia! Kila nguo ya mtoto naziongeza, kabla hata sijaandika namba, mkono unaziongeza wenyewe kama mtu anavyofumba jicho. Nilikuwa nimempima atakavyokuwa.

Sikuwa na nafasi ya kujieleza, maana mama mkwe alifuata. Aliuacha mkongojo nyumbani, kavaa hereni. Akaulizwa kama amefika sitini. Akajibu kwa sauti iliyofika barabarani kwamba ana hamsini na saba. Nikamlipia tiketi ya mtu mzima, bei ya getini, isiyo na punguzo. Sindano hataki kuwa mfupi, bibi yake hataki kuwa mzee, na kati yao niko mimi na pochi.

Tulikwenda hadi kwa Nyoka hata hivyo, kwa sababu Sindano aliomba. Pale napo pana ubao. Mzee anayeulinda aliinama akamweleza taratibu kwamba mkanda wa kiti haumshiki mtu wa kimo chake, arudi akikua. Sindano akasema asante. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningenunua kitu.

Alisema tu, “Mimi nilidhani nimeshakua.”

Nikaona aibu. Si ya watu, ya kwangu mwenyewe.

Bibi yake akamshika mkono wakaenda kupanda mashua za kukanyaga kwa miguu kwenye bwawa, polepole. Tukabaki mimi na mke wangu kwenye benchi. Nikamweleza yote: gauni, magoti, tepu. Akasikiliza bila kunikata. Kisha akasema yeye hupima watoto thelathini kwa siku, na Sindano kampima mwezi uliopita. Hakuna aliyemuuliza.

Baadaye akaongeza, “Mtoto anasubiri akue. Wewe unataka abaki hapo alipo kwa sababu ni bure.”



Jumatatu, 11 Agosti

Sindano kaja na tepu mkononi. Kaniomba nimpime kweli, bila za kukulia. Nimempima. Mkono ulitaka kuongeza, nikauzuia kwa mkono mwingine. Mia na kumi na tisa. Nikafuta mstari wa uongo kwenye mwimo, nikachora mpya, chini yake. Kufuta mstari ule kumeniuma kuliko nilivyotegemea.

Akauliza sentimita moja inachukua muda gani. Nikamwambia miezi miwili, pengine, akila vizuri. Msimu utakuwa bado unaendelea. Na siku atakayopanda Nyoka ndiyo siku nitakayoanza kumlipia. Iwe hivyo. Nilimwangalia akimaliza sahani yote, hata vitunguu ambavyo huvitoa pembeni, nikasema moyoni kwamba mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya mwisho ya ile orodha. Mheshimiwa kapita tena, safari hii bila suruali. Kasema mama yake kamweleza kilichotokea, na kuna nafasi ya mtoto na ya mama, nusu bei, hata leo jioni. Alisema vizuri. Hakuangalia viatu vyangu. Karibu nikubali.

Nikamwambia asante, hatuna haja.

Maana wakati anaongea nilikuwa natazama nje, kwa fundi viatu wa jirani, akigongelea soli nene kwenye kiatu cha mteja. Mia na kumi na tisa getini, bure, akiwa amevaa kandambili. Ndani anabadilisha viatu, na kwa Nyoka ni mia na ishirini na moja! Hakuna kupinda magoti. Mtoto anasimama wima kama anavyopenda. Kila mtu anafurahi, na mke wangu hana haja ya kusumbuliwa na maelezo.

Nimeshatoa oda. Fundi kaomba kipimo cha mguu wa Sindano. Nimempimia mwenyewe, kwa tepu yangu, kwa uangalifu mkubwa. Nikaongeza kidogo tu, cha kukulia.